Kamba ya Kule Chini

Morogoro,
2 Juni 2024

Shemeji yangu Mama Prisca,

Pokea salamu zenye harufu ya grisi. Mimi mzima, na mumeo Gidion mzima kabisa, ila amekonda kidogo kwa sababu chakula chetu anapika yeye. Naandika kwa kalamu kwa kuwa mzee, baba yetu, amekataa simu. Niliongea naye kwa simu juzi, alipofikishwa kule kilimani mnakopata mtandao, akaniambia mambo ya nyumba yaandikwe, simu ni upusi. Unamjua, z haimo kinywani mwake. Mtu aliyetumikia posta miaka thelathini, akivuta nyaya za simu kutoka Tukuyu mpaka Kyela, leo hataki kusikia simu. Ndiyo maana nacheka kila nikikumbuka kwamba Rungwe nzima inamwita Mzee Waya. Sisi wawili huku tunamwita Waya hivyo hivyo, tukiwa mbali na fimbo yake.

Ulinipa fundi wako kwa miezi minne, na huu ni wa tano. Najua karakana yake ya Bulyaga imefungwa na wateja wake wanakuuliza wewe. Vumilia. Fremu imekwisha. Bomba zote amechomelea yeye, na mkaguzi alipokuja na taa yake kutafuta nyufa, hakukuta hata mmoja.

Uliuliza ndege hii ni ya nini. Tuko marubani sita hapa kwenye kiwanja cha shamba la mkonge, wote wa leseni ndogo, hakuna aliyewahi kuvaa kofia ya shirika. Mmoja padri, mmoja daktari wa meno, mmoja ananunua ufuta vijijini, mimi fundi wa pampu. Mwaka juzi tuliulizana kila mtu anataka ndege gani. Ungedhani watu watataka mwendo kasi. Hakuna aliyeutaja. Padri alitaka inayokunywa petroli ya sheli, hii hii ya bodaboda. Daktari alitaka mabawa yanayokunjika, ailaze uani kwake karibu na mabanda ya kuku. Wa ufuta alitaka itue shambani, taratibu, na imsamehe akikosea. Wote tulitaka ikivunjika bomba aitwe fundi wa mtaani achomelee, siyo kungoja kipande kutoka ng'ambo miezi saba. Mimi nilitaka kiti cha pili. Ukiruka peke yako unaona kitu kizuri na huna wa kumwonyesha.

Basi ndiyo hiyo tunajenga. Msalimie mzee, na Amoni.

Shemeji yako,
Geresoni


Masoko,
16 Juni 2024

Shemeji Geresoni,

Ndaga fijo, asante sana kwa barua. Mdogo wenu Amoni alimsomea baba pale sebuleni, na mimi nilikuwa jikoni nasikiliza kupitia ukutani kama kawaida. Alipofika kwenye lile jina la baba nikaziba masikio. Wewe mtoto wake, taja utakavyo, lakini kumbuka nyumba hii ina mkwe. Miaka kumi na moja sijalitamka, hata likiwa kitu cha dukani. Na majibu yangu nayo husomwa mbele yake kabla hayajafungwa, kwa hiyo usitegemee nitakutukana.

Nimesoma matakwa yenu. Padri anataka petroli, daktari anataka mabawa ya kukunja. Mmekaa watu wazima sita, na hakuna hata mmoja aliyesema anataka ndege isiyoanguka. Au hilo mliliona si la muhimu?

Habari za hapa ni mvua. Kahawa imeiva na watu wa kuchuma hawatoshi. Prisca amekuwa wa pili darasani na anataka baba yake aambiwe. Wateja wa Bulyaga nimewaambia fundi anajenga ndege. Wanadhani nimechanganyikiwa, wananipa pole.

Mama Prisca,
Atupakisye


Morogoro,
30 Juni 2024

Mama Prisca,

Maneno yako yalisomwa hapa mbele ya marubani wote, na padri alicheka mpaka akakaa chini. Nitakujibu kweli. Kila anayejenga ndege husema haianguki. Sisi tumejenga ndege ambayo injini ikizima inashuka polepole, mtu anachagua shamba, anatua, anakwenda kuomba maji ya kunywa. Rubani wa kawaida hawezi kutaka zaidi ya hapo.

Imesharuka. Jumanne nilikwenda nayo angani mara tatu, na Alhamisi Gidion akakaa kiti cha pili. Alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono yote miwili. Tuliposhuka akaniambia, kaka, twende nayo nyumbani.

Hilo ndilo ninaloandikia. Wenzangu watano wanangoja. Wanasema ndege ya kuruka kutoka kiwanjani na kurudi kiwanjani wameiona. Wanataka kuiona ikitoka hapa na watu wawili, inywe petroli ya sheli pale Iringa, ikatue kwenye shamba la mkulima asiyekuwa na lami wala kibendera cha upepo. Ikifika Masoko salama, kila mmoja atajenga ya kwake, na Gidion ndiye atakayechomelea zote. Karakana ya Bulyaga itakuwa ya kutengeneza ndege. Ikishindwa, tumejenga mwanasesere.

Nataka kutua kwenye malisho ya mzee, chini ya migomba. Sijafika nyumbani miaka sita, kwa hiyo niandikie yalivyo sasa. Urefu, mawe, mashimo, miti, na chochote kilichoongezeka. Usiache kitu hata kama unaona ni kidogo. Macho yangu ni wewe.

Geresoni


Masoko,
14 Julai 2024

Shemeji Geresoni,

Tumefanya kama ulivyoagiza. Amoni amepima malisho kwa miguu, kutoka migombani mpaka karibu na mto. Ni hatua mia nne na ishirini, na miguu ya Amoni unaijua ni mirefu. Mawe tumeyaokota siku tatu. Vichuguu viwili tumevivunja, shimo la kuchimbia udongo tumelijaza. Majani ng'ombe wanayala vizuri, yako chini ya kifundo. Upande wa juu migomba haijasogea. Upande wa chini, karibu na mto, mti ule mkubwa uliokuwa unaukwea ulishaanguka.

Ile kamba nayo wameshaipitisha kule chini, toka kwa Tulinagwe kuvuka mto mpaka kwetu. Naona nyinyi mtatokea juu, upande wa Tukuyu, kwa hiyo haitawasumbua, lakini umesema nisiache kitu.

Baba anasema malisho yako wazi kwenu, ng'ombe watafungwa siku hiyo. Anasema pia mje mchana, asubuhi ukungu hautoki mapema.

Atupakisye

Karatasi ya pili. Hii haijasomwa mbele ya baba, nimeichomeka baada ya Amoni kuondoka. Shemeji, njoo na ndege yako, lakini Gidion mpandishe basi. Nakuomba hivyo kama ninavyomwomba Mungu. Sina sababu ya kitaalamu, nina mume mmoja tu. Nikimwambia mwenyewe atakataa, na atanikasirikia kwamba siamini kazi ya mikono yake. Kazi yake naiamini. Mwambie ndege ina uzito, mwambie lolote. Na barua hii usimwonyeshe, yote, maana akiona karatasi ya kwanza atauliza ya pili iko wapi. Ananijua.


Morogoro,
24 Julai 2024

Mama Prisca,

Haraka haraka, basi linaondoka. Nimepokea karatasi zote mbili na nimezificha kama ulivyotaka. Kibali kimetoka. Tunakuja Jumamosi tarehe 3 Agosti, tutakuwa juu yenu kama saa saba mchana.

Nitatua kutokea mtoni nikipanda kilima, maana shamba lina mteremko na ndege husimama upesi ikipanda. Kwa hiyo ile kamba ya mpaka Amoni aifungue siku hiyo. Tulinagwe akinuna anune, nitamlipa kuku. Nilidhani ugomvi wao wa mpaka na mzee ulikwisha zamani.

La karatasi ya pili nimelisikia. Niachie mimi.

Geresoni


Mbeya, hospitali,
19 Agosti 2024

Atupakisye,

Naandika kwa sababu siwezi kusema. Taya limevunjika sehemu mbili, wamelifunga. Mguu wa kushoto una vyuma. Wananilisha uji kwa mrija. Waliniambia tarehe 6 kwamba Gidion mmeshamzika, kando ya kaburi la mama. Sikuwepo kumzika mdogo wangu.

Sijui nikupe pole gani. Sitaandika neno hilo, maana nikiliandika ni kama nimemaliza.

Lakini nakuuliza. Amekuja hapa mchunguzi na picha. Kuna nguzo mbili za umeme, moja imejificha kwenye miti ya Tulinagwe na nyingine kwenye migomba yetu ya kule chini, na katikati ni waya mwembamba ambao hakuna jicho linaloweza kuuona ukitokea mtoni na jua liko mbele. Anasema umewekwa tangu mwezi wa tano. Mwezi mzima kabla sijakuuliza. Nilikuandikia usiache kitu hata kama ni kidogo. Nilikuandikia macho yangu ni wewe. Ulinihesabia vichuguu, ukanihesabia hatua za Amoni, na waya wa umeme juu ya mto hukuuona?

Nijibu hilo tu.

Geresoni


Masoko,
27 Agosti 2024

Shemeji,

Nilikuambia.

Toa barua yangu ya tarehe 14 Julai, kama iko, uisome tena. Ile kamba wameshaipitisha kule chini, toka kwa Tulinagwe kuvuka mto mpaka kwetu. Ni hiyo. Hakuna kamba nyingine.

Barua hii haisomwi mbele ya baba, kwa hiyo nasema yote. Wewe uliondoka hapa kijana, kabla ndugu zako hawajaoa, na ukija ni siku mbili tatu, kwa hiyo hukuishi na mkwe ndani ya nyumba. Tangu niolewe sijakutana na baba uso kwa uso. Akitokea njiani naingia migombani mpaka apite. Jina lake silitaji, na neno linalofanana na jina lake silitaji, na jina analoitwa na watu wote ndilo hilo unalolijua. Sisi wakwe tunasema kamba. Kamba ya uzio, kamba ya redio, kamba ya pasi. Walipokuja na nguzo mwezi wa tano, nyumba nzima ilisema kamba inapita. Amoni aliposoma barua yangu kwa sauti, baba aliitikia kwamba ni vyema nimetaja kamba. Hakuna aliyeona kasoro. Gidion mwenyewe nilimwambia kwa simu mwezi huo wa tano, akasema afadhali, Prisca atasoma kwa taa. Nilidhani na wewe unajua umeme umefika.

Barua yako ya tarehe 24 ilikaa kwenye ofisi ya mabasi Tukuyu. Waliileta kwa bodaboda siku ya tatu baada ya kuzika, nyumba imejaa watu. Nilipofika pale ulipoandika kamba ya mpaka, nilitoka nje, watu wasinione.

Sasa nikuambie linaloniua. Gidion alinipigia Alhamisi, siku mbili kabla, nikiwa kule kilimani. Akasema Jumamosi tunakuja na kaka. Nikajua hukumpandisha basi. Nilitaka kumuuliza kama mmejua pa kupita, nikaogopa. Angeuliza, kupita wapi, umeandika nini, mbona barua sijaiona. Nikasema njooni salama. Na lingine ni hili. Karatasi ya kwanza ilisomwa mbele ya baba, sawa. Karatasi ya pili haikusomwa mbele ya mtu. Nilikuwa peke yangu na kalamu. Ningeweza kuandika neno lenyewe hapo, herufi nne, na kulikwaruza baadaye kama nimeona aibu. Halikunijia hata kichwani.

Mbona hukumpandisha basi?

Atupakisye


Mbeya, hospitali,
5 Septemba 2024

Mama Prisca,

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na muuguzi amenichukulia kalamu mara mbili akisema nilale. Nitajibu yote, na baada ya hapo ukinichukia una haki.

Nilijaribu la basi. Ijumaa jioni nilimwambia uzito unazidi. Akacheka, akachukua karatasi akanipigia hesabu ya uzito mbele ya wenzangu, petroli, mimi, yeye, begi la nguo za Prisca. Uzito haukuzidi. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia, mkeo ameniomba. Sikusema. Nilitaka aje, Atupakisye. Huo ndio ukweli. Nilitaka mzee atuone wawili kwenye viti viwili.

Jumamosi asubuhi, tunakunywa chai, aliniuliza barua ya nyumbani inasemaje habari ya malisho. Nikamwambia yako safi, kuna kamba ya mpaka tu, Amoni ataifungua. Nilisema kamba ya mpaka kwa sababu ndivyo nilivyoelewa. Ningemsomea maneno yako kama ulivyoyaandika, yeye angejua hapo hapo. Mmekaa miaka kumi na moja, anayajua maneno yako yote. Lakini ulisema nisimwonyeshe, nami nikaona hilo ni jambo dogo la kukutii baada ya kushindwa lile kubwa.

Sasa lingine. Hili sijamwambia mchunguzi, na sijui nitaishi nalo vipi.

Safari nzima ilikuwa nzuri. Iringa tulijaza petroli ya sheli kwa madumu, watu wakapiga picha. Tulivuka milima, tukaona ziwa la Masoko, Gidion akaanza kunionyesha nyumba ya fulani na fulani. Njia nzima tulikuwa tunamtania mzee. Waya atavaa koti lake la posta. Waya atauliza kama tumeleta muhuri. Nikazunguka, nikashuka kutokea mtoni. Niliwaona mmesimama juu ya malisho, na kwaya na sare zao. Ndipo Gidion akapiga kelele, "Waya! Waya, kaka!"

Nikadhani amemwona mzee.

Nilinyanyua macho kumtafuta baba kati ya watu. Nilikuwa natabasamu. Kama ningekuwa nimetazama mbele, kama ningevuta usukani wakati huo huo, sijui. Labda tungepita juu yake, labda hapana. Mchunguzi anasema zilikuwa sekunde tatu au nne. Mimi sekunde zile nilizitumia kumtafuta baba yangu.

Wenzangu wa Morogoro wamefunga mradi. Padri ameniandikia kwamba fremu haikukatika popote, bomba zote alizochomelea Gidion ziko nzima. Amedhani hilo litanifariji.

Mzee usimwambie kuhusu jina. Mwache afikiri ni umeme tu.

Geresoni


Masoko,
15 Septemba 2024

Shemeji Geresoni,

Barua yako aliipokea Amoni mjini, na mzee akasikia imefika. Akataka isomwe. Nilimtuma Prisca aseme ni mambo ya wanawake, akajibu kwamba Geresoni hana mambo ya wanawake. Amoni hajui kudanganya, wewe unamfahamu. Alimsomea yote pale sebuleni, na mimi nilikuwa jikoni kwangu, upande wa pili wa ukuta. Safari hii sikuziba masikio. Alipofika pale Gidion alipopiga kelele, Amoni alipunguza sauti, halafu akaendelea mpaka mwisho. Nilisikia kiti cha baba kikilia, basi.

Siku mbili hakula. Jumatano mchana nilikuwa nachambua maharage, nikasikia fimbo yake uani. Hajawahi kuja upande huu wa jikoni tangu nilipoolewa. Nikageukia ukuta, nikajifunika kanga kichwani, nikangoja apite. Hakupita. Alisimama mlangoni. Nilikuwa naona kivuli chake sakafuni kati ya maharage.

Akasema na mimi. Hakumtumia Amoni, wala Prisca. Akasema, "Mkwe, niite."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Akasema niite jina wanaloniita watu, nataka kulisikia kwako. Nililia, shemeji, nikatikisa kichwa. Yeye hakuondoka. Ng'ombe walirudi kutoka malishoni, Amoni akaja akaona, akarudi nje. Mzee amesimama tu na fimbo yake, mtu wa miaka themanini na moja.

Nikalisema. Nililisema nikitazama ukuta, na kinywa changu kilikuwa kizito kama cha mtu aliyeng'olewa jino. Waya.

Akaitika. Nikadhani atanisamehe au atanilaani, nilikuwa tayari kwa lolote. Akasema, "Ungelisema mwesi wa saba." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza ilivyokuwa, kisha akageuza fimbo yake.

Nikasema, ndiyo, baba.

Atupakisye